Pleco kwa anayeanza salamu za Kichina: sikio zuri, adabu nusu

Pleco ni kamusi ya Kichina ya kwenye simu, ya Android na ya iPhone, na kuipakua ni bure. Haina masomo yaliyopangwa, haitoi nyota, haikukumbushi kwamba jana hukuifungua. Ukiiwasha unakutana na kisanduku cha kutafutia neno, basi. Wengi wanaotaka salamu tu huiona kavu, wakaifuta siku ya pili na kuhamia kwenye programu za michezo.

Wangeivumilia wiki moja. Kwa salamu kumi hadi kumi na tano za mwanzo, za kuingilia dukani Guangzhou au Yiwu, miji ya biashara ya China, au za kumwamkia mhandisi wa Kichina kwenye mradi wa barabara, hakuna chombo cha bure kinachoinyoosha sauti kama hiki. Lakini nani anaambiwa nini na wakati gani, hapo Pleco ni dhaifu, na udhaifu huo unaweza kukuaibisha mbele za watu. Tathmini hii inapima pande zote mbili kwa mdomo wa mtu anayezungumza Kiswahili. Maelezo ya kamusi yenyewe ni ya Kiingereza, na ushauri mwingi wa matamshi uliotapakaa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Mwingereza na Mmarekani. Shida zao si zetu, na sisi tuna bahati ambazo wao hawana.

Kuitumia siku ya kwanza

Andika nihao, salamu ya kawaida ya kukutana, bila alama yoyote na bila kuacha nafasi. Orodha inashuka, 你好 ikiwa juu. Liguse: unaona herufi mbili, nǐhǎo kwa pinyin, maana, na alama ya spika. Gusa spika, usikilize. Pinyin ndiyo mfumo rasmi wa China wa kuandika matamshi kwa alfabeti, uliopitishwa mwaka 1958, na kwa salamu unakutosha kabisa. Herufi za Kichina zisubiri.

Karibu na kisanduku kuna kitufe cha kubadili upande wa kutafuta, Kichina au Kiingereza. Wanaoanza hunaswa hapo. Neno women likitafutwa upande wa Kiingereza linaleta wanawake. Upande wa Kichina linaleta wǒmen, yaani "sisi". Ukiona majibu hayana kichwa wala miguu, angalia kitufe hicho kabla ya kuilaumu kamusi.

Ukishazijua toni, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka ndani ya silabi, andika namba ya toni mwishoni mwa silabi: mai3 inakupeleka kwa mǎi, kununua, na mai4 kwa mài, kuuza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda kuchukua mzigo ayatafute maneno haya mawili siku hiyohiyo, kwa sababu kinachotenganisha kununua na kuuza hapo ni mwendo wa sauti tu. Ile ü yenye nukta mbili huandikwa kwa v, hivyo nv inaleta nǚ. Na ukipewa kadi ya biashara yenye jina usiloweza kulisoma, unaweza kuichora herufi kwa kidole. Mchoro mbaya mara nyingi unatambulika, ila ufuate mpangilio wa mistari kutoka juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia.

Jambo dogo lenye faida kubwa ni rangi. Pleco hupaka maneno rangi kwa toni. Kwa mpangilio inaokuja nao, toni ya kwanza ni nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu, ya nne zambarau, na silabi nyepesi isiyo na toni ni kijivu. Baada ya siku chache jicho linaanza kukumbuka rangi kabla ya ulimi kukumbuka sauti. Rangi hizo zina mtego wake, tutaufikia.

Pinyin kwa mdomo wa Mswahili

Kosa letu la kwanza ni kuhesabu silabi. Kwetu kila irabu ni silabi: "hao" ni ha-o, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Basi nǐ hǎo inatoka ni-HA-o, silabi tatu, mkazo katikati, kama neno la Kiswahili. Hǎo ni pigo moja: unaanza na a, midomo inajikusanya, na imekwisha. Jiàn ya zàijiàn, kwaheri, nayo ni pigo moja, na a yake inasikika kama e, "chien". Na usiibandike irabu mwishoni. Zàijiàn isigeuke "zaijiani" kama bank ilivyogeuka benki.

Silabi zinazoishia na ng tunazimudu, mradi tukumbuke kwamba ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Wáng, máng, shang: ulimi unaishia nyuma, g yenyewe haisikiki. H ya hǎo inakwaruza kidogo kooni, karibu na kh ya Khamis anapoitwa na mtu wa Unguja. X ya xièxie, asante, iko kati ya s na sh: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, midomo imekunjuka kama mtu anayetabasamu. Ukisema "shie-shie" utaeleweka, lakini silabi ya pili iwe fupi na nyepesi. Wageni huikandamiza zote mbili kwa nguvu ileile.

Panapohitaji kazi ya kweli ni mpumuo. Kichina kina jozi sita za sauti zinazotofautiana kwa pumzi: b na p, d na t, g na k, j na q, zh na ch, z na c. Mtu anaona b anafikiri ni b ya baba. Sivyo. B ya pinyin ni p isiyo na pumzi, na p ya pinyin ni p yenye pumzi. Zote hazina ule mngurumo wa kooni ambao b yetu inao.

Hapa watu wa pwani wana mali wasiyoijua. Msikilize mtu wa Mombasa au Lamu anavyotofautisha paa la nyumba na paa wa porini: la nyumba halina pumzi, wa porini anatoka na pumzi, p'aa. Kaa la moto na k'aa wa baharini. Chungu cha kupikia na ch'ungu wa kwenye sukari. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaonyeshi tofauti hii na watu wengi wa bara hawanayo, lakini mwenye nayo amekwisha kuimiliki nusu ya konsonanti za Kichina. Paa la nyumba ndiyo b ya pinyin. P'aa wa porini ndiyo p. Kaa la moto ndiyo g; k'aa wa baharini ndiyo k.

Asiye na lafudhi hiyo afanye kipimo cha tishu. Shika kipande chembamba mbele ya midomo, karibu upana wa vidole vinne. Kwa p, t, k, q, ch na c kiruke. Kwa b, d, g, j, zh na z kitulie. Jaribu na bú kèqi, "bila asante". Inatoka kama pu-khe-chhi: silabi ya kwanza tishu imetulia, mbili zinazofuata inaruka. Anayeisoma kwa macho tu anatoka na "bukeki", na kwenye kaunta ya duka hakuna atakayejua kama anaitikia asante au anaulizia keki. Z nayo isomwe "ts" bila pumzi. Zǎo, salamu ya asubuhi, si z ya zawadi.

Toni, na pale rangi zinapodanganya

Kiswahili hakina toni. Majirani zake wengi wanazo: Kikuyu, Luganda, Kinyarwanda, Kirundi, Kihaya, Lingala. Aliyekulia katika mojawapo anajua tayari kwamba sauti ikipanda maana inaweza kuhama, na huwa anazikamata toni za Kichina upesi kuliko aliyekulia Kiswahili kitupu. Anayebaki ana njia ya kuzikumbuka. Toni ya kwanza iko juu na haiyumbi, kama aaa ya kumfungulia daktari mdomo. Ya pili inapanda, kama "ee?" ya mtu ambaye hakusikia. Ya tatu iko chini, nzito, kama mguno wa mzee asiyeridhika. Ya nne inaanguka kwa ghafla, kama "we!" ya kumkemea mtoto anayegusa jiko.

Toni ya tatu ndiyo inayofundishwa vibaya mahali pengi. Mchoro wake una bonde, inashuka kisha inapanda, na anayeanza anaimba bonde zima kila mara. Katika maongezi sauti hukaa chini tu. Kule kupanda hutokea neno likiwa peke yake au mwishoni, ukitaka kulikamilisha. Ukianza na wazo la "chini", umepona.

Sasa ule mtego wa rangi. Kamusi huandika toni ya asili ya kila silabi, haiandiki toni inayosemwa silabi zikikutana. Nǐhǎo utaiona bluu na bluu, ya tatu na ya tatu. Lakini toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili. Mchina anasema ní hǎo: inapanda, kisha chini. Masikio yasikie kijani na bluu hata kama macho yanaona bluu mbili. Ndivyo ilivyo kwa lǎobǎn, mwenye duka, ambayo inatamkwa láobǎn. Na hapa kosa lina gharama: ukiiangusha silabi ya mwisho ikawa lǎobàn, umemwita mwenye duka mwenzi wako wa ndoa wa uzeeni.

Neno bù, la kukanusha, lina tabia yake. Likifuatwa na toni ya nne, lenyewe hupanda na kuwa bú. Pleco itaandika bù kèqi, spika itasema bú kèqi. Wanaoanza huandika barua za malalamiko kwamba sauti imekosewa. Haikukosewa, liamini sikio. Hǎojiǔ bù jiàn, "siku nyingi hatujaonana", inazo kanuni zote mbili ndani yake na hutoka háojiǔ bú jiàn. Ukiweza kuisema hiyo sawasawa, salamu nyingine zitakuwa nyepesi.

Kosa la mazoezi linalojirudia ni kutamka pamoja na spika. Sauti yako inaifunika ya simu, na unajisikia mwenyewe. Sikiliza mara tano kimya, nyamaza kidogo, ndipo useme. Kisha jirekodi kwa kinasa sauti cha simu, na uzisikilize mbili hizo moja baada ya nyingine: ya Pleco, yako, ya Pleco. Salamu tatu kwa siku, dakika kumi, zinatosha. Watu hupenda pia kujipima kwa kuisemea simu iandike Kichina. Ni kipimo cha nusu: kwa salamu ya kawaida kama nǐ hǎo simu hukisia unachotaka kusema na kuiandika sawa hata toni zikiwa za hovyo. Binadamu aliye nyuma ya kaunta yenye kelele hakukisii hivyo.

Adabu, ambayo haimo kwenye kamusi

Hadi hapa Pleco inastahili sifa. Lakini tafuta ndani yake jibu la swali dogo: niseme nini nikimpita mfanyakazi wa Kichina anayetoka jasho kwenye mtaro? Kiswahili kina "pole na kazi", na Kichina kina mwenzake kamili, xīnkǔ le. Ukilifungua xīnkǔ kwenye kamusi unakuta maana za kazi ngumu, taabu, kuchoka. Haikuambii kwamba ndiyo salamu yenyewe, ya kumpa fundi, dereva, mlinzi, mhudumu aliyekuletea mzigo. Kwa Mswahili ni salamu ya kwanza ya kuijua baada ya nǐ hǎo, kwa sababu tunayo haja nayo kila siku, na masomo mengi ya wanaoanza huiruka kwa kuwa Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo.

Ukiipeleka "pole" kwenye programu ya kutafsiri, hatari ni kuletewa duìbuqǐ. Hiyo ni samahani ya aliyekosa. Ukimwambia mtu aliyejikata kidole duìbuqǐ, atashangaa umemkata vipi. Pole ya msiba ni jié'āi, nayo isemwe kwa sauti ya chini.

"Karibu" nayo inagawanyika. Mgeni mlangoni unamwambia qǐng jìn, ingia. Kiti ni qǐng zuò. Mteja dukani ni huānyíng. "Karibu" ya kujibu asante ni bú kèqi, na kati ya watu waliozoeana méi shì inatosha. Hodi ipo pia: yǒu rén ma? Kwa neno kwa neno ni "kuna mtu?", na inapigwa mlangoni vilevile.

Shikamoo haina mwenzake, na usiitafute. Heshima kwa Kichina inakaa mahali pawili. Pa kwanza ni nín badala ya nǐ: nín hǎo kwa mzee, kwa mteja, kwa mkubwa wa kazi, hasa kaskazini. Kwa kundi usiunde wingi wake, sema dàjiā hǎo. Pa pili, na penye uzito zaidi, ni cheo au jina la ukoo mbele ya salamu, jambo ambalo mtu aliyezoea kusema "mama Asha" na "mwalimu" atalielewa mara moja. Jina la ukoo hutangulia: Wáng jīnglǐ ni meneja Wang, Lǐ lǎoshī ni mwalimu Li, Wáng gōng ni mhandisi Wang. Fundi au dereva ni shīfu. Mama wa umri wa shangazi yako ni āyí, na āyí hǎo inamfurahisha kuliko nǐ hǎo tupu. Kuuliza jina la ukoo kwa heshima ni nín guì xìng? Hiyo guì inamheshimu yeye, kwa hiyo ukijibu iache: wǒ xìng, kisha jina lako.

Mwenye duka lolote, hata kibanda cha soksi, ni lǎobǎn, kama sisi tunavyosema "bosi". Msichana wa kaunta huko Guangzhou huitwa měinǚ, mrembo, na hakuna anayekasirika. Ni neno la sokoni. Vitabu vingi vitakupa xiǎojie kwa "bibi" au "dada". Soma kiingilio chake kwenye Pleco hadi mwisho, usiishie mstari wa kwanza: maana ya mtaani ni kahaba. Hapa kamusi inakuokoa, ukiwa na subira. Tóngzhì lilikuwa "ndugu" ya enzi za wale waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na wazee waliofanya kazi nao wanaweza bado kulikumbuka. Leo vijana wanalitumia kwa maana ya shoga, na dukani halisemwi.

Nǐ hǎo yenyewe ina mipaka. Ni ya mtu usiyemjua, ya kukutana mara ya kwanza, ya simu ya huduma. Watu wanaoonana kila siku hawaambiani. Asubuhi ni zǎo, neno moja linatosha. Zǎoshang hǎo ni ndefu na ya adabu zaidi. Wǎnshang hǎo ni ya kukutana jioni, wǎn'ān ni ya kwenda kulala tu. Ukiingia mkahawani saa mbili usiku ukasema wǎn'ān, umeaga kabla hujaketi. Nǐ hǎo ma?, "hujambo?", inayopendwa na masomo ya mwanzo, ni adimu mdomoni mwa Mchina. Mtu uliyemzoea umwulize máng ma?, "una shughuli nyingi?", naye atajibu hái xíng, "si haba".

Kisha ile maarufu, chī le ma?, umekula? Jibu ni chī le, nǐ ne?, nimekula, na wewe? Jibu hivyo hata tumbo likiwa tupu, kwa sababu si mwaliko wa chakula, kama "umeshindaje" isivyo dodoso la mambo yote ya mchana. Wakubwa wanaitumia kuliko vijana. Nyingine ya aina hiyo ni qù nǎr?, unakwenda wapi? Mzungu anaweza kuiona ni upekuzi, Mswahili aliyezoea "wapi hiyo?" njiani anajua kwamba "hapo tu" ni jibu kamili. Ila usiiburute salamu. Ule mlolongo wetu wa habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za kazi, Mchina wa biashara haujui na atadhani unakuja kukopa.

Kwenye simu ni wéi?, inayopanda. Ni kwa ajili ya simu. Ana kwa ana ina sauti ya kumguta mtu. Kwenye WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, watu huanza na zài ma?, ambayo ni "upo?" yetu, herufi kwa herufi, pamoja na ile mashaka ya anayeipokea kwamba sasa ataombwa kitu. Kuagana ni zàijiàn, na kwa vijana báibái. Anayebaki humwambia anayeondoka màn zǒu, "tembea polepole". Usijibu kwamba una haraka, jibu zàijiàn.

Guangzhou ni nchi ya Kikantoni, na salamu ya huko kati ya wenyewe kwa wenyewe ni nyingine kabisa. Sokoni watakujibu Kimandarini, yaani Kichina sanifu hiki tunachokizungumzia, kwa kuwa wauzaji wengi wametoka mikoa mingine. Anayetaka kuongeza anaweza kuwasha Kikantoni ndani ya Pleco, kuna kamusi ya bure iitwayo CC-Canto, lakini kwa anayeanza kuchanganya mifumo miwili ya toni ni kujitafutia kichwa kuuma.

Pesa, na wenzake

Toleo la bure linatosha kwa kila kitu kilichoelezwa hapa. Nyongeza za kulipia ni pamoja na rekodi za sauti za maneno mengi zaidi, kamusi kubwa, kadi za kujipima, na kusoma herufi kwa kamera. Kwa salamu, kadi hazihitajiki. Daftari la shilingi chache lenye safu tatu, Kiswahili, pinyin yenye toni zinazosemwa, na "nani anaambiwa", linafanya kazi kuliko kadi yoyote, kwa sababu safu ya tatu ndiyo inayokosekana kwenye kamusi. Kamera itamfaa anayekwenda kusoma menyu na maboksi. Rekodi za ziada zinunuliwe na anayekusudia kuendelea.

Ikiwa Kiingereza hukisomi kabisa, Pleco itakuchosha; tafuta mtu wa kukaa nawe saa moja, mwandike maana kwenye daftari, kisha ubaki na spika peke yako. HelloChinese ina kitu ambacho Pleco haina: mazoezi ya kusema, simu ikikusikiliza, na mtiririko wa masomo. Nayo haifundishi kwa Kiswahili. Kwa mwenye nafasi, darasa linashinda zote kwa sababu mwalimu anakukatiza pale pale toni inapopinda. Taasisi za Confucius, vituo vya China vya kufundisha Kichina, zipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Darasani utapelekwa kwenye HSK, mtihani rasmi wa China wa kumpima mgeni Kichina, na orodha zake za maneno. Ukitaka salamu tu, mwambie mwalimu mapema.

Kwa msafiri: pakua Pleco ukiwa bado nyumbani. Ndani ya China duka la programu la Google halifunguki, na mwenye Android atalazimika kulichukua faili kwenye tovuti ya Pleco yenyewe na kuiruhusu simu ilikubali. Nyongeza unazozitaka zishushwe kabla ya safari pia. Baada ya hapo kamusi inafanya kazi bila mtandao, hata ndani ya soko la ghorofa ya chini ambako simu haishiki chochote.